Mbao Kuukuu Zilizopinda: Namna ya Kuzinyoosha na Kuzitumia

Kiangazi kifikapo, watu wengi katika wilaya ya Songea hubomoa mapaa na kuta za zamani ili wajenge upya. Milango, fremu za madirisha, vitanda na rafu hutupwa uani. Baada ya wiki chache za jua, na baada ya mvua ya kwanza ya Novemba, mbao hizo huonekana zimepinda, na mwenye nyumba husema, "Hizi sasa ni kuni tu." Katika shule nako mambo huwa hayo hayo. Mwaka 2016 Serikali iliagiza mikoa yote ihakikishe kwamba hakuna mwanafunzi aketiye sakafuni, na madawati mengi mno yalitengenezwa nchini. Lakini dawati nalo huchakaa, na likiisha kuvunjika hutupwa nyuma ya darasa lingoje mchwa, ingawa mbao zake nyingi bado ni nzima.

Jambo hili ni hasara kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mninga, mti ule utoao utomvu mwekundu kama damu ukikatwa, hukua pole pole sana katika misitu yetu ya miombo. Mtu aupandaye leo huwapandia wajukuu wake. Tena kuvuna miti ya msituni kwa mbao ni jambo la kibali, kama ilivyoagizwa katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Basi kila ubao wa mninga uchomwao jikoni bila sababu unaita mti mwingine kutafutwa msituni, na kila dawati liozalo linaita fedha nyingine kutoka katika mifuko ya wazazi.

Ufundi wa mbao si mgeni katika nchi yetu. Misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, ilijulikana kwa mabruda wake mafundi, na vijana wengi walishika randa kwa mara ya kwanza katika karakana za misheni. Lakini somo hili halikuandikwa kwa ajili ya fundi mwenye karakana na mashine. Limeandikwa kwa ajili ya mtu aanzaye, mwenye msumeno mmoja, randa moja na chungu ya mbao zilizopinda. Neno kubwa atakalojifunza ni hili: ubao uliopinda usiurande kwanza. Ukate kwanza, kisha urande. Sababu zake zitaonekana hapa chini.

1. Sababu ya ubao kupinda

Kila mfinyanzi ajua kwamba chungu kibichi hupungua kadiri kinavyokauka, na kwamba upande mmoja ukikauka mbele ya upande wa pili, chungu hupinda au hupasuka. Mti nao una tabia hiyo. Ubao mbichi umejaa maji. Maji ya kwanza kutoka ni yale yaliyomo katika matundu ya nyuzi, na yakitoka ubao haupungui ukubwa, huwa mwepesi tu. Lakini maji yaliyobaki yakifika kiasi cha sehemu 30 kwa kila sehemu 100 za uzito wa mti mkavu, yaanza kutoka yale yaliyonywewa na kuta za nyuzi zenyewe. Hapo ndipo ubao uanzapo kupungua.

Ajabu ni kwamba haupungui sawasawa pande zote. Kwa urefu, ubao haupungui ila kidogo sana, hata usiweze kupima kwa rula. Kwa upana hupungua zaidi. Tena ukitazama kichwa cha ubao utaona pete za mti. Kuzifuata pete hizo, mti hupungua karibu mara mbili kuliko kutoka moyo wa mti kwenda kwenye gome. Kwa sababu hiyo, ubao uliopasuliwa karibu na gome hujikunja kwa upana ukikauka, na bonde lake huwa upande ule ulioelekea gome. Mtu akijua habari hii aweza kutazama kichwa cha ubao na kutabiri utakavyopinda kabla haujapinda.

Miti yote si sawa. Mninga hupungua kidogo sana, na ndiyo sababu mojawapo ya mafundi kuupenda tangu zamani. Msonobari, upandwao kwa wingi Sao Hill huko Mufindi na pia Wino katika Madaba, hupungua zaidi, na mara nyingi mbao zake hufika sokoni zingali na maji. Ubao uliochukua moyo wa mti ndani yake, au uliotoka katika mti mchanga, husokoteka kwa urahisi, kwa kuwa nyuzi za mti mchanga huzunguka shina kama kamba.

Mbao kuukuu zina sababu nyingine tena. Mlango wa nje, kwa mfano, uso mmoja hupigwa na mvua na jua miaka mingi, na uso wa pili hukaa kivulini. Uso wa nje ukinywa maji hutaka kutanuka, lakini umebanwa na misumari na mbao za jirani, basi nyuzi zake husongwa. Jua likirudi, nyuzi zilizosongwa hukauka zikiwa fupi kuliko zilivyokuwa. Mambo hayo yakirudiwa miaka 20, uso wa nje huwa mwembamba kwa upana kuliko uso wa ndani, na ubao hubaki na bonde upande wa nje hata ukauke namna gani.

2. Aina nne za kupinda

Kabla ya kushika chombo chochote, inua ubao, uweke kichwa chake karibu na jicho, ukautazame kwa urefu kama mtu apimaye mshale. Utaona mojawapo ya mambo haya, au mawili pamoja.

Kwanza, bonde la upana. Ubao umejikunja kama kigae cha paa, kingo zimeinuka na katikati pamezama.

Pili, upinde wa urefu. Ubao ukiwekwa kifudifudi mezani, vichwa viwili vyagusa meza na katikati pameinuka, au kinyume chake.

Tatu, kupinda ubavuni. Uso wa ubao ni sawa, lakini ukingo wake umekwenda kama mundu.

Nne, kusokoteka. Pembe tatu zagusa meza na ya nne imeinuka, na ukiibonyeza hiyo, nyingine huinuka. Hii ndiyo aina imsumbuayo zaidi mwanafunzi, kwa sababu jicho tupu haliioni upesi.

Ili kuuona msokoto, tengeneza fito mbili za mti mkavu, urefu wa inchi 16 kila moja, zilizonyooka na zenye kimo kimoja. Weka mmoja juu ya ubao karibu na kichwa cha mbele, na wa pili karibu na kichwa cha nyuma, zote zikikata upana wa ubao. Kisha inama, ufumbe jicho moja, utazame juu ya ufito wa mbele hadi uuone wa nyuma. Migongo ya fito hizo ikiwa sambamba, ubao haukusokoteka. Upande mmoja wa ufito wa nyuma ukionekana umeinuka kuliko wa mbele, pembe ile ndiyo iliyo juu.

3. Kuchagua na kusafisha

Si kila ubao kuukuu ufaao. Uchome kwa ncha ya kisu: ikizama kwa urahisi, ubao umeoza. Ukiona vitundu vidogo vitoavyo unga mpya, umebunguliwa na wadudu wangali ndani. Usiuingize nyumbani mwako, maana wataenea katika viti na mapaa. Nyufa za vichwani si neno, zaweza kukatwa. Ufa uendao urefu wote waonyesha kwamba ubao huo wafaa kwa vipande vyembamba tu.

Kisha ng'oa misumari yote. Iliyokatikia ndani itafute kwa sumaku. Asiye na sumaku na atazame alama nyeusi za kutu, maana chini yake mara nyingi kuna chuma. Msumari mmoja uliosahauliwa waweza kung'oa makali ya randa kwa pigo moja, na utakupotezea asubuhi nzima katika kunoa. Piga ubao brashi ya waya uondoe mchanga, kwa kuwa mchanga nao hula makali.

Yapo mambo matatu ya hatari ambayo mwalimu hana budi kuwaonya wanafunzi. Rangi za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Ubao wa namna hiyo usisuguliwe kwa msasa mkavu, wala maranda yake yasichomwe. Pili, mbao na nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, ambazo mara nyingi zina rangi ya kijani kibichi, zisifanywe meza ya chakula wala kuni za kupikia. Tatu, mtu apataye mbao za paleti za mizigo na atazame muhuri wake: herufi HT maana yake zilitibiwa kwa joto, nazo zafaa, herufi MB maana yake zilifukizwa gesi yenye sumu, na heri aziache.

Tena mbao za shule, zahanati au ofisi ni mali ya umma hata zikiwa zimevunjika. Mwalimu mkuu na aiulize kamati ya shule na kuandika idadi yake kabla ya kuzigusa, ili kazi njema isije ikaleta maneno.

4. Kukausha

Mbao zilizonyeshewa zisirandwe upesi. Ubao urandwao ukiwa na maji utanyooka leo na kupinda mwezi ujao, na kazi yako yote itakuwa bure. Zipange chini ya paa penye upepo, mbali na ardhi kiasi cha futi moja. Kati ya safu na safu weka fito za inchi moja, umbali wa futi 1 na 1/2 hivi, kila ufito ukiwa umesimama juu ya mwenzake kama nguzo. Juu kabisa weka mawe mazito. Mawe hayo hayanyooshi mbao zilizokwisha pinda. Kazi yake ni kuzizuia zisizidi kupinda.

Utajuaje kwamba zimekauka? Chukua ubao mmoja ukaupime kwa mizani ya duka, uandike uzito wake. Pima tena kila wiki. Uzito ukikoma kupungua kwa majuma mawili au matatu, maji ya ubao yamelingana na hewa ya mahali petu, na waweza kuanza kazi. Katika Songea, ambako mvua huanza Novemba hivi na kukoma Aprili au Mei, miezi ya Julai hadi Oktoba ndiyo mizuri kwa kazi hii.

Hapa wengi huuliza: je, siwezi kuunyoosha ubao kwa maji na jua? Wengine huulaza ubao juu ya majani mabichi, upande wa bonde ukiwa chini, na jua likapiga mgongo. Kweli, baada ya saa chache ubao hunyooka. Sababu ni rahisi: upande wa bonde umekunywa maji ukatanuka, na upande wa mgongo umekauka ukapungua. Lakini maji hayo yakitoka, bonde hurudi. Wengine huupigilia misumari kwa nguvu. Ubao hutii siku hiyo, kisha hupasuka, au huvuta meza nzima ipinde pamoja nao. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ubao mkavu umekwisha kushika umbo lake, na dawa yake ni kuondoa sehemu zilizozidi mpaka ibaki sehemu iliyonyooka.

5. Hesabu ya kukata kwanza

Sasa tumefika penye moyo wa somo. Chukua ubao wenye urefu wa futi 6, upana wa inchi 8 na unene wa inchi 1. Vuta uzi kutoka kichwa hata kichwa upande wa bonde, upime nafasi kubwa kati ya uzi na ubao. Tuseme nafasi hiyo ni inchi 1. Mwanafunzi mwenye haraka huuweka ubao wote mezani na kuanza kuranda ili aunyooshe. Atafika wapi? Ili ubao ule uwe sawa kwa futi 6, yapasa kuondoa unene wa inchi 1. Lakini ubao wenyewe una unene wa inchi 1! Basi akimaliza hatakuwa na ubao, atakuwa na chungu ya maranda. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Mwenye busara hufanya hesabu. Upinde ulio sawasawa ukigawanywa, kina chake hupungua kuliko urefu wake. Urefu ukigawanywa kwa 2, kina hugawanywa kwa 4. Ukigawanywa kwa 3, kina hugawanywa kwa 9. Ukigawanywa kwa 4, kina hugawanywa kwa 16. Basi ukiukata ubao ule vipande 4 vya inchi 18, kila kipande kitakuwa na upinde wa inchi 1/16 tu, nao huondolewa kwa randa kwa muda mfupi. Ubao uliokuwa hauna kitu sasa una vipande vinne vizuri.

Upana nao hufuata kanuni hiyo hiyo. Tuseme ubao huo una bonde la upana la inchi 1/4. Ukiuranda ulivyo, utapoteza 1/4. Ukiupasua katikati upate vipande viwili vya inchi 4, kila kimoja kitakuwa na bonde la 1/16. Msokoto wenyewe hauna faida kubwa kiasi hicho: urefu ukigawanywa kwa 4, msokoto nao hugawanywa kwa 4 tu. Hata hivyo, pembe iliyokuwa imeinuka inchi 1/2 katika futi 6 itakuwa imeinuka 1/8 katika inchi 18.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya seremala ni kuamua kitu atakachokitengeneza, na kuandika vipande vyake vyote kwa urefu na upana. Mfano ni kigoda hiki, kipatikanacho katika ubao mmoja tu wa hapo juu. Ukate vipande 4 vya inchi 18, pungufu ya unene wa msumeno. Kipande cha kwanza upasue katikati kwa urefu, viwe vipande viwili vya kiti. Cha pili nacho upasue hivyo hivyo, viwe mbavu mbili za kushika miguu. Cha tatu na cha nne ni miguu, navyo upunguze upana hadi inchi 5 na 1/2. Kwa kuupunguza upana huo, bonde la mguu litakuwa chini ya 1/8. Sasa fanya hesabu ya unene: mguu utapoteza kama 1/8 kwa bonde na 1/16 kwa upinde, utabaki inchi 13/16. Vipande vya kiti na mbavu vitabaki 14/16. Virande vyote viwe 13/16, na kigoda chako kitakuwa na nguvu ya kumchukua mtu mzima.

6. Kupiga randa

Noa chuma cha randa mpaka kikate nywele za mkono, ukitoe kidogo tu. Kama huna meza ya seremala, ubao mnene uliofungwa imara juu ya miguu miwili wafaa, ukipigiliwa kipande chembamba cha mti mbele ili kuzuia kazi isisonge. Kipande hicho kiwe na kimo kidogo kuliko unene wa ubao urandwao.

Weka uso wenye bonde juu. Ubao utayumba, kwa sababu mgongo uko chini. Usiubonyeze kwa mkono wala kuubana kwa nguvu, maana utanyooka ukiwa umebanwa na kupinda tena ukiachwa. Chomeka kabari ndogo chini ya kingo na pembe zilizo wazi mpaka ubao utulie wenyewe.

Kisha fuata taratibu hii:

(a) Chukua ufito mmoja ulionyooka, upake mkaa, uuburute juu ya uso wa ubao. Mkaa utaacha alama mahali palipoinuka. Hapo ndipo pa kuranda, wala si penginepo.

(b) Randa kwanza kwa kukata upana wa ubao au kwa mshazari, ukishusha kingo mbili zilizoinuka. Kwa njia hii randa huondoa mti upesi na hairarui sana nyuzi. Kama ubao umesokoteka, randa kutoka pembe moja iliyoinuka kwenda pembe ya pili iliyoinuka, nazo hukabiliana.

(c) Simama kila baada ya mapigo machache, uweke fito zako mbili, utazame. Seremala mzuri hutazama mara nyingi kuliko arandavyo.

(d) Fito zikiwa sambamba, na alama za mkaa zikienea uso wote, randa sasa kwa urefu, ukifuata nyuzi, chuma kikiwa kimetoka kidogo kabisa. Mti ukiraruka, geuza ubao, uranda kutoka upande wa pili.

Uso huo wa kwanza utie alama kwa penseli, kwa kuwa vipimo vyote vitatoka kwake. Sasa simamisha ubao, uranda ukingo mmoja mpaka ulingane na uso wa kwanza kwa pembe mraba. Tumia skwea kupima.

Baada ya hapo yatakiwa mstari wa unene. Pigilia msumari mdogo katika kipande cha mti, ncha ikitokeza kidogo, umbali wa inchi 13/16 kutoka kwenye kidato ulichokichonga. Egemeza kidato juu ya uso wa kwanza, uvute kipande hicho kukizunguka kipande chako chote. Ncha itakwaruza mstari kwenye kingo na vichwa. Geuza kipande, mgongo uwe juu, uranda mpaka ufike mstarini pande zote. Ukifika hapo, acha. Kila unyoya wa randa uzidio huo ni unene uliopotea.

Tena kumbuka kwamba si lazima kila uso uwe kama kioo. Upande wa chini wa benchi hauonekani. Yatosha uwe sawa mahali unapokaa juu ya miguu. Mwanafunzi aking'ang'ania kunyoosha pasipo na haja atauondoa unene autakao mahali pengine.

7. Kulinda kazi isipinde tena

Vipande vilivyorandwa visilazwe sakafuni usiku, maana uso wa chini hunywa unyevu na wa juu hukauka, na asubuhi utakuta bonde jipya. Visimamishe ukutani, au vipange kwa fito kama mwanzo. Visubiri siku mbili au tatu. Kipande kikijongea kidogo, kisawazishe tena kabla ya kukiunga.

Wakati wa kuunga, kumbuka kwamba mti hautaacha kutanuka masika na kupungua kiangazi. Mbavu za kigoda zifungwe kwa skrubu kwenye kingo za miguu, na vipande viwili vya kiti viwekwe juu ya mbavu, kati yake ikiachwa nafasi ya unene wa njiti ya kiberiti. Nafasi hiyo ndogo ndiyo itakayoviokoa mvua zikianza. Mtu atengenezaye meza yenye uso mpana asiupigilie uso huo misumari kingo zote mbili. Na afunge kwa skrubu katikati, na pembeni atoboe matundu marefu kidogo katika mbavu za chini, ili mbao zipate kusogea bila kupasuka.

Mwisho, paka mafuta ya kitani au nta ya nyuki. Paka juu na chini sawasawa. Wengi hupaka upande uonekanao tu, kisha hushangaa ubao ukipinda. Kumbe upande usiopakwa hunywa na kutoa unyevu upesi kuliko wa pili. Matambara yenye mafuta ya kitani yatandaze nje yakauke, usiyafinyange pamoja, kwa kuwa yaweza kuwaka moto yenyewe.

Wazee na walimu, kazi hii haihitaji fedha nyingi. Darasa moja la wanafunzi wakubwa, wenye misumeno miwili, randa mbili na mwalimu mvumilivu, laweza katika kiangazi kimoja kugeuza chungu ya mbao za nyuma ya shule kuwa viti na mabenchi. Watoto hao watajifunza hesabu ya sehemu kwa mikono yao, na watajua kwamba kitu hakitupwi kabla hakijapimwa. Ubao mrefu ulioharibika haupati tena kuwa ubao mrefu, lakini ndani yake mna vipande vifupi vilivyo vizima. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi.

Maswali ya kujizoeza

1. Ubao una urefu wa futi 8 na upinde wa inchi 1. Ukikatwa vipande 4 vilivyo sawa, kila kipande kitakuwa na upinde wa kiasi gani?

2. Kwa nini bonde la ubao mpya huwa upande ulioelekea gome, na la mlango wa zamani huwa upande wa nje?

3. Ubao wa inchi 1 una bonde la inchi 1/4 katika upana wa inchi 8. Utabaki na unene gani ukiurandwa ulivyo? Na ukipasuliwa kwanza katikati?

4. Toa sababu mbili za kutopigilia misumari ubao uliopinda ili unyooke.